Mkate wa Oti na Matunda Umeharibika? Anza Kutafuta Maji Yalipo

Mkate wa oti na matunda usiotiwa unga wa ngano una njia nyingi za kukuangusha, lakini mchawi karibu kila mara ni maji. Ama yamezidi, ama yamepungua, ama yapo ya kutosha ila hayako mahali pake: yamejificha ndani ya vipande vya matunda wakati oti zenyewe zina kiu. Kwa hiyo kabla hujaongeza hiki na kupunguza kile, jiulize maji yako wapi. Utaokoa mayai mengi.

Sababu iko kwenye nafaka yenyewe. Unga wa ngano una gluteni, utando unaovutika, unaoshika hewa na kuusimamisha mkate hata mpishi akikosea vipimo kidogo. Oti hazina utando huo. Mkate wake husimama kwa nguzo mbili tu: protini ya yai inayoganda kwa joto, na wanga wa oti unaofyonza maji, ukavimba, ukashikana. Pamoja na hizo kuna betaglukani, nyuzinyuzi inayoyeyuka majini, ambayo ni takriban gramu 4 katika gramu 100 za oti. Hiyo ndiyo iliyozipa oti sifa ya kusaidia kushusha kolesteroli. Marekani iliruhusu madai hayo kwenye vifurushi mwaka 1997, kwa kigezo cha gramu 3 za betaglukani kwa siku. Na hiyo hiyo ndiyo inayoufanya uji wa oti uteleze, na kuugeuza mkate wako kuwa gundi ukiipa maji kupita kiasi.

Ili tuelewane, nitapimia kila kasoro kwa rojo hili: oti bapa gramu 250, ambazo gramu 150 zimesagwa na 100 zimeachwa nzima, ndizi mbivu zilizopondwa gramu 300 (tatu za wastani, bila maganda), mayai 3, mafuta vijiko 2 vya chakula, zabibu kavu au tende zilizokatwakatwa gramu 100, beking poda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na mdalasini kwa kadiri unavyoupenda. Kopo la mstatili la sentimita 21 kwa 11, oveni nyuzi 170 za Selsiasi, dakika 50 hadi 60. Kama mapishi yako ni tofauti, si neno. Linganisha uwiano tu: hapa kila gramu 100 za oti zinapata gramu 120 za ndizi na yai moja na ushee.

Mkate unanata katikati

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na watu wengi hulitibu kwa dawa isiyo yake. Kata kipande ukiangalie kwenye mwanga. Mkate ulioiva vizuri una uso mkavu kidogo wenye vitundu vidogo visivyolingana, na chembe za oti unaziona moja moja. Ulionata una uso unaong'aa. Kisu kinatoka na utando mwembamba uliogandia. Na mara nyingi chini kuna mstari mweusi zaidi, mzito, unene wa kidole, usio na kitundu hata kimoja. Ukiubonyeza haurudi.

Sasa tenganisha mambo mawili. Kuna mkate ulionata kwa kuwa haujaiva, na kuna ulioiva kabisa ukanata. Wa kwanza unahitaji moto. Wa pili hata ukiuoka saa mbili, utakauka nje na kubaki vilevile ndani.

Kijiti cha meno hakitakusaidia sana kuutofautisha. Kikipita kwenye tende kinatoka kimechafuka hata kama mkate umeiva, na kikipita penye tundu kinatoka kisafi hata kama ni mbichi. Nunua kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano. Kichome katikati kabisa ya mkate, kisiguse kopo: nyuzi 94 hadi 96 ni mkate ulioiva. Nyuzi 88, urudishe ndani. Ila kama unaishi mahali pa juu, punguza matarajio. Maji hushuka kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1 kila unapopanda mita 300, kwa hiyo kwenye mita 1,500 yanachemka karibu na 95, na mkate wenye unyevu hauwezi kupita hapo hata ukiutisha. Huko, nyuzi 90 au 91 zinatosha.

Kipimajoto kikisema umeiva na bado unanata, matunda ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Ndizi ni maji kwa robo tatu ya uzito wake. Tufaha na matunda madogo ya porini hufika asilimia 85 na zaidi. Mapishi yanaposema "ndizi tatu", ndizi moja inaweza kuwa na gramu 90 na nyingine gramu 150, na hapo umeshaongeza gramu 180 bila kujua. Halafu kuna ile huruma ya kutotaka kutupa: ndizi ya nne iko mezani imepiga weusi, basi nayo inaingia. Usiiingize. Igandishe, au ile. Mkate wa oti hauvumilii tunda la ziada kama keki ya ngano inavyovumilia.

Ndizi zilizogandishwa zikayeyuka hutoa maji mengi ya kahawia. Usiyamwage, kwa kuwa ndiyo yenye utamu. Yachemshe kwenye sufuria ndogo hadi yabaki nusu, yapoze, ndipo uyatumie. Tufaha likuniwe na kukamuliwa kwa mkono kabla ya kupimwa. Ukitaka tufaha na ndizi kwa pamoja, punguza ndizi. Ni jumla ya tunda bichi inayohesabiwa. Idadi ya aina haina maana hapa.

Mshtakiwa wa pili ni blenda. Kutupa kila kitu ndani na kubonyeza ni rahisi, sibishi, lakini oti zikizungushwa kwa muda mrefu pamoja na maji, wanga na betaglukani vyote vinatoka nje ya chembe na rojo linaanza kuvutika kama kamasi. Kwenye unga wa ngano tunaogopa kukoroga sana kwa sababu ya gluteni. Hapa tunaogopa kwa sababu ya ute. Saga oti zikiwa kavu, ponda ndizi kwa uma, kisha changanya kwa mwiko hadi usione oti kavu, basi.

Wa tatu ni haraka. Oti zinahitaji muda wa kunywa. Rojo likiingia ovenini mara tu baada ya kukorogwa, maji yanakuwa bado yanaelea kati ya chembe. Yanatulia chini, na huo ndio mstari mweusi uliouona. Changanya oti, ndizi, mayai na mafuta, uache dakika 15 hadi 20. Beking poda iingie mwishoni, baada ya mapumziko hayo, ili isipoteze pumzi yake ikisubiri. Ukiinua mwiko wakati huo, rojo linapaswa kuanguka kwa mabonge mazito. Likitiririka, ongeza kijiko kimoja cha oti zilizosagwa, subiri dakika 5, uangalie tena. Lisipoanguka kabisa, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Na wa nne ni wewe na kisu chako. Mkate wa oti uliokatwa ukiwa moto utanata tu, hata ungekuwa kamilifu, kwa sababu wanga haujashikana na mvuke bado unatafuta njia ya kutoka. Uache ndani ya kopo dakika 10 hadi 15, uhamishie kwenye wavu wa kupozea, usiuguse mpaka upoe kabisa, yaani saa moja na zaidi. Mimi huona ladha na umbo vyote ni bora kesho yake, lakini najua nyumba ambazo mkate haufiki kesho.

Mkate unamomonyoka

Kinyume cha kunata: unakata, unabaki na makombo mkononi. Hapa maji yamepungua au gundi haipo.

Angalia vipimo kwanza. Kikombe kimoja cha oti bapa ni kama gramu 90. Zisage, na hicho kikombe kinashuka. Sasa ukijaza tena mpaka juu kwa oti zilizosagwa, unaweza kuwa umepima gramu 110 au 120. Kwa hiyo "kikombe cha oti, zisage" na "kikombe cha oti zilizosagwa" ni vitu viwili, na kwenye vikombe vitatu tofauti hiyo inatosha kuukausha mkate. Mizani ya jikoni inaumaliza ugomvi huu siku hiyo hiyo.

Kisha angalia matunda makavu. Zabibu kavu zina maji asilimia 15 tu hivi, na zikiingia kwenye rojo zikiwa zimekakamaa zitajinywea kutoka kwenye oti. Mkate unabaki na zabibu nono ndani ya makombo makavu. Zilowekwe kwenye maji ya moto dakika 10, zichujwe, zikaushwe kwa kitambaa. Tende laini hazihitaji, ngumu zinahitaji.

Kama umetoa mayai, usishangae. Mbegu za chia kijiko kimoja cha chakula, zilizosagwa na kulowekwa kwenye vijiko vitatu vya maji kwa dakika 15, huchukua nafasi ya yai moja katika kushika unyevu na kunatisha. Hazigandi kwa joto kama yai linavyoganda. Mbegu za kitani zilizosagwa ni hivyohivyo. Kubadilisha yai moja kati ya matatu hutaona tofauti kubwa. Ukibadilisha yote matatu unapata mkate mzito, mfupi, unaohitaji kupoa usiku kucha kabla ya kukatwa. Ni mzuri kwa namna yake, ila usitegemee ufanane na wenye mayai. Na usijaribu kuufidia kwa kuongeza ndizi, utarudi kwenye kunata.

Kupunguza asali au sukari nako hukausha, kwa sababu sukari hushikilia maji. Ukiondoa vijiko vinne vya asali, umeondoa pia kitu cha majimaji, kwa hiyo weka mtindi vijiko viwili au vitatu badala yake. Mafuta usiyaondoe kabisa kwa jina la afya. Vijiko viwili kwenye mkate mzima wa vipande kumi ni kidogo sana, na bila hivyo kila kipande kinakwama kooni.

Umebonyea katikati, au haukuumuka

Ukiumuka vizuri ovenini kisha ukabonyea ukipoa, katikati hapakuiva. Viputo vilifunguka lakini kuta zake hazikuwa zimeganda, moto ulipokwisha zikalala. Rudi kwenye kipimajoto. Kama unafungua mlango wa oveni kila baada ya muda kuchungulia, acha mpaka dakika ya 40 ipite.

Ukibonyea ukiwa bado ovenini, beking poda imezidi. Inavimbisha haraka kuliko mayai yanavyoganda, mkate unapanda, unapasuka, unashuka. Walio kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,000 hukutana na hili sana kwa sababu hewa nyepesi huacha viputo vitanuke kupita kiasi. Punguza beking poda kwa robo.

Haukuumuka kabisa? Tia kijiko cha chai cha beking poda kwenye maji ya moto. Isipochemka kwa fujo, imekufa, tupa. Beking soda ijaribu kwa siki au ndimu. Na usizichanganye hizo mbili: beking soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking poda na inataka tindikali ya kuamsha, kama mtindi. Ndizi peke yake ina tindikali hafifu. Robo kijiko cha chai cha soda ndani ya rojo letu ni nyingi ya kutosha.

Lakini pia uwe na kiasi. Mkate huu hauna gluteni, hautapanda kama mkate wa chai. Ukijaza kopo theluthi mbili na mkate ukafika karibu na ukingo, umefaulu. Ukiwa mfupi kuliko picha uliyoiona, yaelekea kopo lako ni kubwa kuliko la mwenye picha.

Juu umeungua, ndani mbichi

Sukari ya matunda, fruktosi, huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 110 hivi, chini kabisa ya sukari ya mezani. Mkate uliojaa ndizi, tende na asali unabadilika rangi mapema, kabla katikati hakujapata habari. Kwa hiyo rangi ya juu si kipimo cha kuiva. Ikifika kahawia unayoitaka, funika kwa foili bila kukaza, uache mkate uendelee.

Kama hali hiyo inajirudia, oveni yako inakudanganya. Kitufe cha kuchagulia joto kinaweza kuwa kimekosea kwa nyuzi 10, 20 au hata zaidi, na hutajua mpaka uweke kipimajoto cha oveni ndani. Yenye feni ipunguze nyuzi 20 kutoka kwenye kipimo cha mapishi, yasipokuwa yameandikwa kwa ajili ya feni. Kopo jeusi hufyonza joto na kuunguza pembeni haraka kuliko linalong'aa. La kioo nalo lipunguzie nyuzi 15. Kopo la silikoni ni kinyume chake: mkate unatoka umepauka pembeni na unachukua muda mrefu zaidi.

Waya wa katikati ndio mahali pake. Si wa juu.

Matunda yote yamezama chini

Rojo ni jepesi. Hilo tu, mara tisa kati ya kumi. Ushauri wa kuyapaka matunda unga kabla ya kuyatia unarudiwa kila mahali. Unasaidia kidogo, na rojo likiwa jepesi hausaidii chochote. Ziache oti zinywe zile dakika 20, rojo liwe zito, ndipo matunda yaingie. Yakate madogo, kama punje ya zabibu. Kipande cha tufaha cha ukubwa wa kidole gumba kitazama hata kwenye rojo zito, na kitaacha shimo lenye maji pembeni yake.

Matunda madogo yaliyogandishwa yasiyeyushwe. Yatie yakiwa bado barafu, koroga mara mbili tatu, weka ovenini, na uongeze dakika 5 hadi 10 kwa kuwa yameupoza mkate mzima.

Rangi za ajabu

Ukikata mkate ukakuta kijani, usiutupe. Kama ulitia mbegu za alizeti, zina asidi ya klorojeniki, ambayo ikikutana na beking soda hugeuka kijani kibichi kabisa, mara nyingi baada ya mkate kupoa. Matunda ya zambarau na mekundu nayo hubadilika kuwa bluu au kijivu kwenye mazingira ya alkali. Yote haya ni salama kuliwa, na yote yanakwambia neno moja: soda imezidi. Ipunguze, au utie ndimu kijiko kimoja cha chai. Nyuzi nyeusi ndogondogo ni ndizi tu, zimepata hewa.

Kijani chenye manyoya ni habari nyingine. Huo ni ukungu, na mkate wote unakwenda jalalani, kwa kuwa mizizi yake imeshapita mbali kuliko doa unaloliona.

Ladha

Ladha ya sabuni au chuma ulimini ni soda. Uchapwa ni kukosa chumvi. Watu wanaopika kwa ajili ya afya huiondoa yote, kisha wanalalamika kwamba mkate hauna utamu, wakaongeza asali. Rudisha nusu kijiko cha chai cha chumvi kabla hujagusa asali. Iliki, mdalasini na maganda ya limau yaliyokunwa huufanya ulimi uhisi utamu zaidi ya uliopo.

Uchungu unaobaki kooni baada ya kumeza unatokana na oti zilizochacha. Oti zina mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, karibu gramu 7 kwa gramu 100. Kiwandani hupitishwa kwenye mvuke ili kuua kimeng'enya kinachoyaharibu mafuta hayo, lakini zikishasagwa hewa inazifikia kila upande. Nusa kabla ya kutumia: zikitoa harufu ya rangi ya kuta au mafuta ya zamani, hakuna mdalasini utakaozificha. Saga za siku hiyo tu. Karanga na korosho zichunguzwe vivyo hivyo.

Chembe ngumu zinazogonga meno ni za oti zilizokatwakatwa, zile za punje nene. Hazifai hapa mpaka zichemshwe kwanza. Oti za kupika kwa dakika moja nazo zina kasoro ya upande wa pili, zinayeyuka zote na kuuacha mkate bila kitu cha kutafuna. Bapa za kawaida ndizo.

Chini umelowa, au umeng'ang'ania kopo

Umekaa ndani ya kopo muda mrefu. Mvuke hauna pa kutokea, unageuka matone, matone yanarudi kwenye mkate. Dakika 15, kisha utoke. Karatasi ya kuokea iwe ndefu kuvuka kingo mbili ili uunyanyue kama mkoba. Kupaka mafuta peke yake hakutoshi kwenye mkate wenye tende, kwa maana sukari yake hugandia chuma.

Mkate ni mzuri, tumbo ndilo linalolalamika

Kama hujazoea nyuzinyuzi, vipande vitatu vya mkate huu kwa mpigo vitakujaza gesi. Anza na kimoja na unywe maji. Hilo litapita.

Lisilopita ni hili: mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni hudhuru utumbo wake, asile mkate huu kwa sababu tu hauna unga wa ngano. Oti hulimwa, husafirishwa na husagwa pamoja na ngano na shayiri, na vumbi lao linatosha kumuumiza. Anahitaji oti zilizoandikwa kuwa hazina gluteni, ambayo kwa kanuni za Ulaya na Marekani ni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Hata hizo, wapo wachache ambao miili yao huikataa protini ya oti yenyewe, avenini, kwa hiyo amuulize daktari wake kwanza.

Kisha neno afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na asali, sharubati na juisi ya matunda vyote vinahesabiwa humo. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi. Ndiyo maana rojo letu halina asali: ndizi zilizoiva hadi kupata madoadoa na tende zinatosha kabisa. Ukiona hazitoshi, ziache ndizi siku mbili zaidi, usifungue chupa. Na ukiamua kuifungua, kumbuka kwamba vitu vyenye asali havipewi mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata vikiwa vimeokwa.

Siku ya tatu

Mkate wenye matunda na bila dawa ya kuhifadhi hauishi sana. Kwenye hali ya hewa ya joto, siku moja au mbili mezani, ukiwa umepoa kabisa kabla ya kufunikwa. Ukiufunika ukiwa na uvuguvugu umeualika ukungu mwenyewe. Friji itakupa siku tano hivi, ila huukausha, kwa sababu wanga hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi usiogandisha. Pasha kipande kabla ya kula, ukakamavu unalegea. Kugandisha ndiyo njia ninayoipendekeza: kata vipande, weka karatasi kati yake, funga vizuri, na kila asubuhi toa kimoja kwenda moja kwa moja kwenye tosta. Miezi miwili hadi mitatu haitabadilisha kitu cha maana.

Ulioharibika tayari

Usitupe ulionata, mradi tu kipimajoto kilionyesha umeiva. Uache usiku mmoja kwenye friji ili ukaze, kata vipande vyembamba vya sentimita moja, vipange kwenye trei, oka kwa nyuzi 150 dakika 15 kila upande. Maji yaliyokuwa yamenaswa ndani yanatoka na unabaki na biskuti ngumu za kuchovya kwenye chai. Uliomomonyoka usijaribu kuukata tena: uvunjevunje wote, unyunyizie mafuta kijiko kimoja, ukaushe kwenye joto hilohilo huku ukigeuza kila dakika 10, na umwagie juu ya mtindi. Uliobaki mbichi katikati, kata pande zilizoiva uzile, na kiini kitandaze kwenye trei unene wa kidole, kirudi ovenini nyuzi 170 kwa dakika 15 kabla ya mtu yeyote kukionja, maana humo mna yai ambalo halijaiva.